Fani ya pili ya mwanahabari

Fani ya pili ya mwanahabari ni eneo la elimu ambalo mwanafunzi wa uandishi wa habari hulisoma sambamba na taaluma yake ili, mbali na ufundi wa kuandika, kurekodi na kuhariri, awe na jambo moja analolijua kwa kina. Marekani huisisitiza sana: vyuo vya uandishi wa habari vinavyotaka ithibati ya baraza la taaluma hiyo hutakiwa kuhakikisha mwanafunzi anapata angalau krediti 72 za masomo nje ya idara yake. Tanzania haina utaratibu wa jina hilo. Hapa chaguo hufanyika polepole, kuanzia tahasusi ya kidato cha tano, kisha kozi za hiari chuoni, na kwa wengine shahada ya juu baada ya miaka ya kazi.

Tahasusi hupuuzwa, na si haki. Aliyesoma HKL huingia chuoni akiwa na historia na lugha mbili. Wa HGE ana uchumi. Wa CBG ana kemia, biolojia na jiografia, mtaji ambao vyumba vingi vya habari huukosa pale mlipuko wa ugonjwa au mafuriko yanapotokea.

Sheria yenyewe inadai uandishi kwanza. Kanuni za Sheria ya Huduma za Habari Na. 12 ya 2016 zinamtaka mwandishi awe na angalau stashahada ya habari au ya masomo yanayohusiana nayo, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Tido Mhando, ndiyo hutoa kitambulisho. Zamani mambo yalikwenda kinyume. Benjamin Mkapa alihitimu Kiingereza Makerere mwaka 1962, ndipo akaja kuhariri magazeti ya The Nationalist, Uhuru na Daily News. Jenerali Ulimwengu, mwanzilishi mwenza wa Rai, ni mwanasheria. Kwao fani ndiyo ilitangulia, na uandishi ukafuata.

Ni fani ipi basi? Jibu zuri hutoka mahali mwandishi atakapofanyia kazi. Chukua Zombo, kata ya Wilaya ya Kilosa katika Jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, iko jirani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapasua hifadhi hiyo, na ubao wa kando ya barabara humtajia dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga.

Tembo akitoka hifadhini usiku na kula mahindi ya mtu, asubuhi mwenye shamba humwita mtendaji wa kijiji, taarifa hufika kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, hasara huhakikiwa, fomu hujazwa. Mwandishi asiyeisoma sheria ataandika kwamba serikali italipa fidia. Haitalipa. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi huingia katika hesabu. Neno moja likikosewa redioni, mkulima ataketi miezi akisubiri thamani kamili ya ekari zake, fedha ambazo hakuna aliyemwahidi.

Ardhi ni nzito zaidi. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyohiyo ya Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Habari za namna hiyo haziandikiki vema kwa kuhesabu maiti na kumnukuu mkuu wa wilaya. Zinahitaji mtu anayetofautisha ardhi ya kijiji, ardhi ya jumla na ardhi ya hifadhi, anayejua mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na anayeweza kuomba muhtasari wa kikao akausoma mwenyewe kabla ya kurudi studio.

Takwimu nazo zisiachwe. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 na tena 2019, na mabadiliko hayo yaligusa moja kwa moja uchapishaji wa tarakimu. Kozi moja ya takwimu inatosha kuanzia.

Kosa la kawaida ni kuchagua kilicho karibu mno na uandishi wenyewe, kama uhusiano wa umma au matangazo. Kozi hizo zina faida kazini, lakini humrudisha mwanafunzi kwenye ufundi uleule na kumwacha bila jambo la kuandika.

Wapo wanaoipata fani baadaye. Larry Madowo wa Kenya alikuwa tayari mtangazaji maarufu alipokwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uandishi wa habari za uchumi na biashara.

Kijana wa Zombo hana haja ya safari ya mbali hivyo. Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha kilimo na wanyamapori, na pia kina redio na televisheni yake. Mzumbe hufundisha sheria. Vyote viwili viko Morogoro. Kwa wilaya kama Kilosa, sheria ya ardhi ndiyo ianze, wanyamapori wafuate.