Utambuzi wa Askari Wasiojulikana katika Picha za Vita

Utambuzi wa askari pichani ni kazi ya kumtafutia jina, kikosi, mahali na tarehe mwanajeshi ambaye sura yake imebaki lakini habari zake zimepotea, au hazikuandikwa tangu mwanzo. Hufanywa na watunza nyaraka, wanahistoria, wakusanyaji wa picha na familia zenyewe. Kwa Afrika Mashariki kazi hii inagusa hasa picha za Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918: Waafrika wengi walipigwa picha, wachache mno wakatajwa.

Mjerumani Walther Dobbertin, aliyefanya kazi ya upigaji picha Dar es Salaam, aliacha picha nyingi za vita hivyo. Leo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Katika picha za namna hiyo afisa Mzungu aghalabu hutajwa kwa jina na cheo. Safu nzima iliyosimama nyuma yake ni “askari” tu. Wapagazi, waliofia njiani kwa makumi ya maelfu, mara nyingi hawatajwi hata kwa kazi yao. Kasoro hiyo haikuishia kwenye picha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Uchunguzi huanzia kwenye kofia. Askari wa Mjerumani walivaa tarabushi yenye kifuniko cha kaki na nembo ya tai mbele. Hufuata tepe za cheo mkononi, zinazomtenga ombasha na shaushi, kisha mkanda wa risasi na bunduki. Hapo inafaa kujua tabia ya picha yenyewe. Mabamba mengi ya kioo ya enzi hiyo hayakuhisi mwanga mwekundu, hivyo chekundu hutoka cheusi na buluu hupauka; anayebishana juu ya rangi ya tarabushi kwa kutazama picha hizo anabishania kisichoonekana. Tena picha huweza kuchapwa kinyume. Mkono wa komeo la bunduki ya Mauser hukaa kulia. Ukionekana kushoto, basi kila kitu kimegeuka, na tepe zimehamia mkono usio wake.

Hata hivyo sare hudanganya. Vita vilipoanza, askari wengi wa Mjerumani walishika bunduki kongwe za muundo wa 1871, zilizofuka moshi mwingi. Baada ya kuvuka Ruvuma na kuishinda ngome ya Wareno ya Ngomano mwezi Novemba 1917, walijitwalia silaha na risasi za adui, na waliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zao zote zilikuwa za Waingereza na Wareno. Watu nao walihama. Batalioni ya sita ya Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1917 kwa kutumia askari waliotekwa kutoka upande wa Mjerumani. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika sare mbili zilizopigana, na picha zote mbili zikawa za kweli.

Isitoshe, sare ya vita si lazima iwe picha ya vita. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyetumika jeshini akiwa bado mtoto, alivaa sare ya askari jijini Berlin miaka ya 1930, katika hafla za wapenda ukoloni. Yeye tunamjua kwa jina kwa sababu aliacha karatasi: alikwenda Ujerumani mwaka 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akaendelea kuandika maombi hadi Wanazi walipomfunga. Alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Kutoa jina ndiyo hatua ya hatari zaidi. Picha ya Joe Rosenthal ya Wamarekani sita wakisimika bendera Iwo Jima, tarehe 23 Februari 1945, ilitazamwa na mamilioni, na mashahidi walikuwapo. Bado majina yake yalirekebishwa mwaka 1947, 2016 na 2019. Marekebisho ya 2016 yalianzia kwa watu wa kawaida waliogundua kwamba mavazi na vifaa vya aliyedhaniwa kuwa John Bradley havikulingana na picha nyingine za Bradley za siku ileile. Programu za kulinganisha sura husaidia pale tu palipo na picha nyingine zenye majina. Kwa askari wa Tabora au Songea wa mwaka 1916, picha hizo ni nadra.

Ndiyo maana jina lisikubaliwe kwa kufanana sura peke yake. Vitu vinavyoonekana pichani, hati za kikosi na kumbukumbu za ukoo lazima viafikiane, na kila kimoja kiwe kimepatikana bila kutegemea kingine. Visipoafikiana, iandikwe “huenda”, na sababu yake itajwe.

Kumbukumbu za ukoo ndizo zinazotoweka upesi kuliko zote. Mwenye picha ya babu aliyevaa sare aandike nyuma yake, kwa penseli laini, jina kamili, kijiji, aliyemsimulia na mwaka aliosimuliwa. Asiibandike kwa gundi, wala asikate kingo zake, kwani muhuri wa studio mara nyingi huwa pale pembeni.