Tiba ya Viungo au ya Maungo?

Uliza viungo sokoni Bariadi, mkoani Simiyu, utaonyeshwa iliki na mdalasini. Uliza uwanjani, utatajiwa mchezaji wa katikati. Hospitalini neno hilohilo limebebeshwa taaluma nzima: tiba ya viungo. Wenye kazi yao husema fiziotherapia, neno lililoundwa kwa Kigiriki kutokana na maumbile na tiba. Kiungo hakimo.

Na kwa mkulima wa Simiyu, kiungo mara nyingi si penye tatizo. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012, unaongoza nchini kwa pamba, na pamba hulimwa kwa mabega. Bomba la kunyunyizia dawa lenye lita 16 ni kilo 16 za maji, chombo chenyewe bado. Mikanda yake inakandamiza palepale kati ya shingo na bega, mkono mmoja ukipampu, mwingine umeshika mpini wa kunyunyizia. Mavuno yakifika, furushi linapanda kichwani juu ya kata.

Panapouma pana msuli mpana uitwao trapezi. Unaanzia nyuma ya fuvu, unatanda hadi mabegani na kushuka katikati ya mgongo. Jina limetokana na umbo la pembe nne, lilelile la somo la hisabati. Ni nyama tupu.

Basi aliyeambiwa aende tiba ya viungo hudhani ni ya wenye magoti mabovu; au huenda akitarajia kuchuliwa tu, alale, ainuke amepona. Kuchua kupo, na kukanda kwa kitambaa cha moto kupo. Vyote viwili hulegeza msuli, ila nafuu yake mara nyingi haidumu. Kazi kubwa ni mazoezi: kiganja kinasukuma upande wa kichwa huku shingo ikikataa kupinda, hesabu hadi 10, kisha mabega yanavutwa nyuma, kana kwamba mbegu ya pamba imebanwa kati ya makombe yake. Hurudiwa kila siku, kwa wiki kadhaa. Si ajabu mtaalamu akaitwa "daktari wa mazoezi", jina ambalo, tuseme kweli, linaeleza kazi yake kuliko yote yaliyotangulia.

Lipo pia tibamaungo. Maungo ni mwili, misuli na mifupa yake, kwa hiyo neno hili linaenea vizuri zaidi. Kasoro yake ni moja: halijazoeleka midomoni, na kibao cha mlangoni ambacho mgonjwa hakielewi hakimsaidii kitu. Mpaka lizoeleke, fiziotherapia itaendelea kutawala kwenye vyeti, na tiba ya viungo kwenye mazungumzo.

Ila ganzi ikiteremka mkononi, vidole vikishindwa kushika jembe, au shingo ikikakamaa pamoja na homa, mgonjwa hapelekwi kuchuliwa wala kufanyishwa mazoezi kwanza. Anaanzia kwa daktari, siku hiyohiyo.