Njia ya Boma

Wageni wanaofikia huku kwetu Makumira aghalabu huuliza kama Arusha ina mtaa wa wasanii, mfano wa ile ya miji mikubwa ya Ulaya ambako wachoraji, wapiga muziki na wenye mikahawa wamekaa pamoja. Mimi huwajibu kwamba mtaa huo upo, ila hakuna aliyeupanga. Unaanzia penye Boma, unashuka na Barabara ya Boma hadi Mnara wa Saa, kisha unapotelea katika mitaa ya maduka.

Boma si mahali pa kupitwa kwa haraka. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na hapa. Wajerumani walilipiza kisasi kwa vita: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wengi wa Meru na Arusha wakafa. Mwezi Machi 1900 baadhi ya viongozi wa makabila haya mawili walinyongwa huko Moshi pamoja na Mangi Meli. Katika miaka hiyohiyo ngome ya Arusha ilikuwa ikijengwa, na walioijenga ni Waarusha na Wameru walewale walioshindwa, tena kwa kulazimishwa. Ngome ikawa ofisi ya serikali, na mwaka 1987 ikafunguliwa kuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Baadaye viwanjani mwake pakaja mkahawa, ngoma na muziki wa vijana. Wapo wazee wasiopenda kusikia gitaa penye kuta zile. Mimi sina neno na gitaa, ila ningependa kila anayeagiza chakula pale aambiwe kwanza kuta zilijengwa na nani.

Ukishuka kuelekea Mnara wa Saa utakutana na vijana waliobeba picha mikononi. Nyingi ni za mtindo wa Tingatinga, nao si wa huku. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Wilaya ya Tunduru mwaka 1932, akaenda kutafuta maisha Tanga na kisha Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, akachora ndege, chui na tembo wenye macho makubwa. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Kwa nini pale na si Kariakoo? Kwa sababu mkoloni alikuwa ameugawa mji kwa rangi za watu, na Oyster Bay ilikuwa uzunguni. Hata baada ya Uhuru wanunuzi wenye fedha walibaki upande ule. Hapa Arusha nasi jina la Uzunguni tunalo hadi leo. Mwaka 1972 polisi walimdhania Tingatinga kuwa mhalifu, wakampiga risasi akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea palepale dukani.

Nasikia watu wakiwadharau vijana wa Mnara wa Saa kwamba wananakili tu. Wananakili, ndiyo. Mwanafunzi yeyote huanza kwa kunakili ubaoni. Kinachonisumbua mimi ni kingine: Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, umesimama juu ya kichwa cha mchoraji, naye ameuinamia ubao wake akichora Kilimanjaro. Mgeni ndiye anayeagiza, na mgeni hakuja na jina la Meru.

Sanaa isiyomngojea mgeni iko kwingine. Tazama ukuta wa kinyozi, mlango wa mama lishe, au nyuma ya daladala; fundi wa mabango huchora kwa ajili ya jirani anayejua samaki alivyo, hawezi kumdanganya. Katika muziki vilevile, kundi la X Plastaz lililoanza mjini Arusha mwaka 1996 lilirapu kwa Kiswahili na kuchanganya na sauti za Kimaasai, na dunia ikawafuata.

Na chakula? Wenyeji hawataji mikahawa ya watalii. Watakupeleka kwa Khan, karibu na msikiti, ambapo mchana palikuwa gereji na jioni, kwa miaka mingi, majiko yakatolewa barabarani. Kuku huchomwa na mishikaki hugeuzwa, na pembeni zimepangwa kachumbari, ndimu na pilipili. Watu wa kila dini na kila rangi hula pale, wengine wamesimama, harufu ya mkaa ikichanganyika na ile ya oili iliyomwagika mchana.