Kadi za siriali: Mlango wa dharura mtandao unapokufa

JIONI ya Oktoba 4, mwaka 2021, majira ya saa 12:40 kwa saa za Afrika Mashariki, huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote. Zilikaa kimya kwa takribani saa sita.

Kwa mujibu wa maelezo ya wahandisi wa kampuni hiyo, chanzo kilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ambayo bila kukusudiwa ilikata njia kuu inayounganisha vituo vyake vya data.

Hata hivyo, kosa lenyewe halikuwa sababu pekee ya kuchelewa kwa marekebisho. Wahandisi hawakuweza kuifikia mitambo yao kutoka mbali, kwani njia ya kawaida ilikuwa imekatika, na ile ya akiba nayo haikupatikana. Ikabidi watu wapelekwe katika vituo vyenyewe, wapite vizuizi vya ulinzi, ndipo waishughulikie mitambo wakiwa mbele yake.

Tukio hilo linaonyesha kwa nini mafundi wa mitandao huhitaji njia ya pili isiyotegemea ile ya kwanza. Mojawapo ya njia hizo, tena ya kale, ni seva ya konsoli pamoja na kadi za nyongeza zinazoipatia milango yake.

Konsoli ni nini?

Ruta, swichi na seva nyingi hufanya kazi bila kioo wala kibodi. Badala yake huwa na tundu dogo la siriali, ambalo hupitisha maandishi matupu, herufi moja baada ya nyingine. Kanuni ya msingi ya mawasiliano hayo, iitwayo RS-232, ilitolewa nchini Marekani mwaka 1960.

Ubora wa tundu hilo ni kwamba halihitaji mtandao. Hata kama anwani ya kifaa imekosewa, au mfumo wa uendeshaji umeshindwa kuamka, fundi aliyeunganishwa hapo huweza kusoma maneno ya kwanza yanayotolewa na mtambo unapowashwa, na kuujibu.

Tatizo ni wingi. Chumba chenye vifaa 40 kina matundu 40, na fundi hawezi kuhama na kompyuta yake kutoka kimoja hadi kingine usiku wa manane. Seva ya konsoli huyakusanya matundu hayo mahali pamoja. Fundi huingia katika seva hiyo akiwa mbali, akachagua kifaa anachokitaka, akaendelea na kazi kana kwamba amesimama mbele yake.

Aidha, seva hiyo inaweza kuhifadhi kila neno linalotoka katika kila tundu. Mtambo ukizimika saa tisa za usiku, maneno yake ya mwisho hukutwa yameandikwa asubuhi.

Kadi inavyofanya kazi

Kompyuta za mezani za miaka ya 1990 kwa kawaida zilikuwa na milango miwili tu ya siriali. Kuigeuza kompyuta ya namna hiyo kuwa seva ya konsoli kulihitaji kadi ya nyongeza, iliyochomekwa katika bodi mama na kuongeza milango minane, 16 au zaidi.

Kwa kuwa mgongo wa kadi ni mwembamba, matundu manane hayawezi kuenea. Kadi nyingi hivyo huwa na tundu moja pana, linalopokea kebo yenye mikia mingi mfano wa pweza, kila mkia ukielekea kwenye kifaa chake.

Moyo wa kadi ni chipu inayogeuza herufi kuwa mfululizo wa biti, na biti kuwa herufi. Kasi iliyozoeleka katika konsoli ni biti 9,600 kwa sekunde. Kila herufi huchukua biti 10, yaani nane zake pamoja na moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Hivyo mlango mmoja hupitisha herufi 960 kwa sekunde, na milango 16 ikijaa yote hupitisha herufi 15,360.

Chipu za zamani, kama 8250, zilihifadhi herufi moja tu. Prosesa ikichelewa kuichukua kwa muda wa elfu moja ya sekunde, herufi inayofuata huifuta. Chipu ya 16550A ilileta nafuu kwa kuwa na ghala la herufi 16, na baadaye zilikuja nyingine zenye ghala la herufi 64 na hata 128. Kwa mnunuzi wa kadi kuukuu, ukubwa wa ghala hilo ni jambo la kuuliza mapema sawa na idadi ya milango.

Njia nyingine ilikuwa kuchomeka kadi katika ruta. Kampuni ya Cisco ilitengeneza kadi za NM-16A na NM-32A kwa ruta zake za familia za 2600 na 3600. Namba katika majina hayo ndiyo idadi ya milango. Kadi hizo hazitengenezwi tena, ingawa bado huonekana katika maabara za wanafunzi wa mitandao.

Ishara inayosimamisha seva

Kadi duni inaweza kuleta madhara badala ya kuyazuia. Katika RS-232, waya ukishikiliwa katika hali moja ya umeme kwa muda unaozidi ule wa herufi nzima, upande wa pili huichukulia hali hiyo kuwa ishara ya kukatisha.

Kwa seva za SPARC za kampuni ya Sun Microsystems, ishara hiyo ilipofika katika konsoli ilisimamisha mfumo mzima na kumwachia fundi neno moja tu kwenye kioo: ok. Kadi au seva ya konsoli iliyozimwa na kuwashwa iliweza kutoa ishara hiyo bila kukusudiwa, na seva zote zilizounganishwa nayo zikasimama kwa mpigo.

Kutokana na hali hiyo, wanunuzi walidai vifaa vinavyonyamaza umeme unapokatika. Sun nayo iliweka katika mfumo wa Solaris njia mbadala, ambapo mfumo husimama tu unapopokea mfuatano maalumu wa herufi.

Kero nyingine ni waya. Konsoli nyingi hutumia tundu linalofanana na lile la mtandao wa kawaida, lakini mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kebo bapa ya buluu ya Cisco, kwa mfano, hugeuza mpangilio wote, waya wa kwanza ukawa wa nane. Kebo isiyo yake huleta kioo kitupu, na fundi akadhani mtambo umekufa.

Njia ya pili iwe ya pili kweli

Julai 8, mwaka 2022, mtandao wa kampuni ya Rogers nchini Canada ulianguka na kuathiri wateja zaidi ya milioni 12. Uchunguzi ulibaini kuwa mtandao wa kusimamia mitambo ulitegemea mtandao uleule uliokuwa umeanguka, hivyo wahandisi wakajikuta wamefungiwa nje.

Fundisho ni lilelile la mwaka 2021. Seva ya konsoli inayofikiwa kupitia swichi inayoilinda ni pambo tu. Inapaswa kuwa na laini yake, ikiwezekana ya kampuni nyingine ya simu, pamoja na betri yake ya akiba.

Ulinzi nao ni wa lazima. Katika ruta nyingi, aliyeifikia konsoli wakati mtambo unawaka anaweza kubatilisha nywila. Kadi yenye milango 32 ni sawa na funguo 32 katika kishikio kimoja, na anayeingia humo hana budi kutumia njia iliyosimbwa.

Biashara ya kadi hizo imebadilika. Kampuni ya Cyclades, iliyoanzia Brazil na kujulikana kwa kadi za milango mingi, ilinunuliwa na Avocent mwaka 2006. Siku hizi wengi hununua kisanduku kilichokamilika, na seva nyingi mpya zina chipu yake ya usimamizi.

Pamoja na hayo, tundu la konsoli halijaondoka kwenye ruta na swichi za ofisini. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Siku mtandao utakapokufa, waya wenye asili ya mwaka 1960 unaweza kuwa ndio pekee unaojibu.