KIAPO CHA MFALME MFUNGWA
Sehemu ya Pili: Chelezo cha Mto Bidasoa

ILIPOISHIA: Alfajiri ya Februari 24, 1525, nje ya mji wa Pavia huko Italia, Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliwaongoza wapanda farasi wake vitani mbio. Kwa pupa hiyo akaiziba mizinga yake mwenyewe isiweze kufyatuliwa. Bunduki za Wahispania zikafanya kazi iliyobaki. Farasi wake akauawa, naye akakamatwa hai. Siku hiyohiyo hasimu wake, Kaizari Charles wa Tano, alikuwa anatimiza miaka 25. Zawadi gani tena alihitaji?

SASA ENDELEA...

Sogea karibu, msomaji, maana leo kuna siri.

Tuko Madrid, Januari 13, 1526. Mfalme wetu ameshakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Ameugua jipu la kichwani mpaka watu wakamkatia tamaa, na Kaizari mwenyewe akaja kumjulia hali.

Unadhani ni huruma tu? Hebu fikiri. Mfungwa akifa, nani atalipa?

Inasimuliwa pia kwamba alipanga kutoroka kwa kujifanya mtumwa mweusi aliyekuwa akiutunza moto chumbani mwake. Siri ikavuja. Mlango ukazidi kukazwa.

Sasa imebaki njia moja: kutia saini.

Na bei ya uhuru? Ondoa mawazo ya magunia ya dhahabu. Charles anataka jimbo la Burgundy.

Kwa nini Burgundy? Kwa sababu ni la ukoo wake. Lilikuwa la baba wa bibi yake, ambaye Charles amerithi hata jina lake. Alipouawa vitani mwaka 1477, Ufaransa ikalichukua. Kwa Charles hilo ni deni la miaka karibu 50. Kwa Wafaransa ni kipande cha mwili wa nchi. Umeona palipo na moto?

Tena si Burgundy tu. François aachane kabisa na madai yake ya Milano na Napoli. Amsamehe Mtawala wa Bourbon, msaliti aliyeihama Ufaransa na kupigana upande wa adui pale Pavia. Na amwoe Eleonora, dada wa Kaizari.

Eleonora huyo alikuwa mjane wa Mfalme Manuel wa Ureno. Manuel yupi? Yuleyule ambaye meli zake ziliteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Dunia ndogo, siyo?

Turudi chumbani.

François amewaita wajumbe wachache wa Ufaransa, pamoja na watu wa kuthibitisha hati. Kwa siri anaapa mbele yao: lolote atakalokubali kesho ni batili, kwa sababu analazimishwa.

Hati ikaandikwa. Ikafichwa.

Kesho yake, Januari 14, misa ikasomwa chumbani mwake. Mfalme huyohuyo akaweka mkono juu ya Injili na kuapa kuutimiza mkataba wote. Akampa pia neno lake la kiungwana Charles de Lannoy, jemadari ambaye François alijisalimisha kwake kule Pavia. Akishindwa kutimiza, atarudi mwenyewe kifungoni.

Viapo viwili, saa chache tu kati yavyo. Kipi ni cha kweli?

Mtu mmoja alishanusa harufu mbaya: Mercurino Gattinara, kansela wa Kaizari mwenyewe. Mzee huyo alikataa katakata kuugonga muhuri mkataba ule. Alijua hautatimizwa. Ikabidi Charles achukue muhuri na kugonga kwa mkono wake.

Ukiona mwanasheria wako anakataa kuugusa mkataba wako, wewe utafanyaje?

Charles naye hakuwa mjinga kiasi hicho. Alitaka rehani. Mkataba ukaipa Ufaransa nafasi ya kuchagua: ilete wana wawili wa kwanza wa mfalme, au ilete mrithi wa kiti pamoja na wakubwa 12 wa ufalme.

Aliyechagua ni Louise wa Savoy, mama yake François, aliyekuwa akishika dola mwanawe asipokuwepo. Hesabu yake ilikuwa baridi kama chuma. Majemadari wengi walishakufa Pavia. Akiwatoa na hao 12, nani atailinda nchi?

Akawachagua wajukuu.

Siku ya kukabidhiwa, François mdogo alikuwa na miaka 8. Henri alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 7. Mama yao, Malkia Claude, alikuwa amefariki tangu 1524.

Februari, mfalme na Kaizari walipoagana njiani, walisimama mbele ya msalaba uliokuwa kando ya barabara. Charles akamuuliza kwa mara ya mwisho: utatimiza? François akaapa tena kwamba atatimiza. Charles akamwonya kuwa akivunja ahadi, atamwita mwoga na mtu mwovu.

Yakumbuke maneno hayo, msomaji. Yatarudi.

Machi 17, 1526, asubuhi mapema. Mto Bidasoa, mpaka wa Ufaransa na Hispania. Katikati ya maji kimetiwa nanga chelezo. Boti moja inatoka ng'ambo ya Hispania ikiwa na mfalme na Lannoy. Nyingine inatoka ng'ambo ya Ufaransa ikiwa na watoto wawili.

Idadi ya watu ni sawa kila upande. Hakuna anayemwamini mwenzake.

Wakakutana pale kwenye chelezo. Baba akawabariki wanawe. Halafu wakapishana.

Boti zikageuka. Baba akarudi kwao, wana wakaenda kifungoni. François alipokanyaga ardhi ya Ufaransa akarukia farasi na kutimua mbio hadi Bayonne, alikokuwa akisubiriwa na mama yake.

Huko Bayonne mjumbe wa Kaizari akadai athibitishe mkataba, kama alivyoahidi. Mfalme akapiga chenga: kwanza azungumze na watu wake.

Siku zikapita. Wiki zikapita. Burgundy haikukabidhiwa.

Mei, Lannoy mwenyewe akafunga safari hadi Cognac kudai neno lile la kiungwana. Huyo hapo, amesimama mbele ya mfalme. Lakini mjini humohumo kuna watu wa Papa Clement wa Saba na watu wa Venisi, nao wamekuja na mkataba wao, wa vita dhidi ya Kaizari!

François ameikumbuka ile hati aliyoificha Madrid. Je, amewakumbuka na wale wavulana wawili?

Anafungua kinywa kumjibu Lannoy...

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Na nakudokeza mapema: jibu la mfalme litawafikia watoto wale gerezani, kisha litafika hadi Roma, na huko halitafika kwa amani. Usikose.