Kirinyaga ya Angani

Mike Resnick, mwandishi wa Marekani wa bunilizi za kisayansi, alipotaka kuwahamishia Wakikuyu angani, jina la dunia yao mpya alilichukua kwenye mlima wetu, Mlima Kenya, ambao kwa Kikuyu ni Kirinyaga. Hadithi ya kwanza ilitoka Novemba 1988, ikashinda Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Nyingine zikaongezeka hadi zikakusanywa kitabuni mwaka 1998. Humo, Kenya ya karne ya 22 imemezwa na miji na wanyamapori wake wameisha. Kundi la Wakikuyu linapewa hati ya kuhamia sayari ndogo iliyoundwa ifanane na nchi ya mababu. Anayewaongoza ni Koriba, mundumugo, yaani mganga, aliyesoma Cambridge na Yale, kisha akayakana yote aliyoyapata huko. Wenzake hawaruhusiwi kusoma wala kuandika, lakini nyumbani mwake ana kompyuta. Kwayo huwasiliana na watu wanaousogeza mzingo wa sayari ili mvua inyeshe, na wanakijiji huamini ni Ngai, Mungu wao, aliyeileta. Aliyechoka na maisha hayo anaweza kwenda mahali paitwapo Haven, asubiri chombo kimchukue.

Mlima wenyewe ulikuwa umewaziwa na wenyeji na wageni muda mrefu kabla ya hapo. Kwa Wakikuyu ni makao ya Ngai, na kutoka juu yake ndipo Gikuyu, babu wa kabila, alipoonyeshwa nchi atakayoishi na mkewe Mumbi na mabinti zao, kenda mũiyũru, tisa kamili ambao hata hivyo ni kumi. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Alipoandika kwamba una theluji ilhali uko Ikweta, wasomi wa Ulaya walimbishia. Halford Mackinder alifika kileleni Septemba 1899, akaviita vilele viwili vikuu Batian na Nelion kwa kuwaenzi malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Mwishoni mwa 1902 kikosi cha Waingereza kilipiga kambi chini ya kilima cha Nyeri, na mji ukazaliwa hapo. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930. Walowezi nao walikuwa na hati zao: sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu wakodishiwe mashamba kwa miaka 999, kwenye nchi ambayo hati hizo ziliiona kana kwamba haina mwenyewe.

Historia hiyo Resnick aliijua. Alizuru Kenya mara kadhaa, na katika ulimwengu wake mwingine mpana, ulioanzia kwenye kitabu cha Birthright mwaka 1982, binadamu wanatapakaa kwenye nyota kwa maelfu ya miaka, wakipita kutoka jamhuri hadi ufalme, wakiwatawala viumbe wengine sayari baada ya sayari. Peponi, sayari ya riwaya ya Paradise ya 1989, ni Kenya kabisa: wawindaji, walowezi, uasi, kisha uhuru. Karimon ni Zimbabwe. Faligor ni Uganda ya Idi Amin. Katika Ivory, Mmaasai wa mwisho anazitafuta pembe za ndovu wa Kilimanjaro katika galaksi nzima. Sijui mwandishi mwingine wa Kimarekani aliyeichukulia Afrika Mashariki kwa uzito huo alipokuwa akichora ramani za anga.

Hata hivyo hadithi moja ya Kirinyaga inanichoma kila ninapoisoma. Kamari ni msichana mdogo anayemfanyia Koriba kazi za nyumbani. Anamuuguza ndege aliyevunjika bawa, kisha anagundua kwamba ile kompyuta inaweza kumfundisha kusoma. Koriba anamkataza. Mtoto anatafuta njia nyingine, nayo inafungwa. Mwishowe anajiua.

Sasa tumwache Kamari, tushuke kwa msichana wa kweli huko Ihithe, Tetu, kilomita chache kutoka mjini Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa huko tarehe 1 Aprili 1940. Siku moja kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaona hakuna sababu, na msichana akaanza masomo. Kutoka Ihithe akaenda Mtakatifu Cecilia, Mathari, kisha Loreto Limuru, na mwaka 1960 akapanda ndege kwenda Marekani. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Elimu haikumtoa kwa mababu. Utotoni mama yake alimkanya asiokote kuni chini ya mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alipokwisha kusoma biolojia, aliona kwamba mizizi ya mti huo ndiyo iliyokuwa ikiyashika maji ya kijito chao, na kwamba mugumo ulipokatwa kijito kilikauka. Mwiko na sayansi vilikutana ndani ya mtu mmoja. Katika kijiji chote cha Koriba hakuna mtu wa namna hiyo anayeachwa akue, na naliona hilo kuwa pengo kubwa zaidi la kitabu.

Kuna pia jambo la itwika, sherehe ya kupokezana utawala. Katiba ya kale ya Wakikuyu ilikabidhi utawala kutoka rika la Maina hadi la Mwangi na kurudi tena, kwa sherehe hiyo iliyofanyika baada ya kizazi kimoja. Aliyekwisha kutawala aliondoka. Koriba hana wa kumkabidhi, kwa sababu Ndemi, mwanafunzi aliyemwandaa, anachagua kuondoka. Resnick anajua kwamba Koriba amekosea, na mwishoni anamrudisha Kenya akiwa mpweke. Ila msomaji asiyeijua Nyeri anaweza kufunga kitabu akidhani mila ndiyo iliyoshindwa, wakati kilichoshindwa ni mzee mmoja aliyekataa kuachia zamu.

Wakenya nao wameanza kuzijaza anga kwa mawazo yao. Filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, inamfuata Asha, mwanasayansi anayetoroka mji uliofungwa baada ya vita vya maji ili akapande mche nje. Na mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali majina ya Kimaa yaliyopendekezwa na kundi kutoka Kenya: nyota GJ 1214 ikawa Orkaria, na sayari yake, iliyogunduliwa 2009, ikawa Enaiposha. Iko umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, mwaka wake unakwisha kwa saa 38, na joto la upande wake wa mchana linapita nyuzi 250 za Selsiasi, kwa hiyo hakuna atakayelima huko. Orkaria hupita karibu utosini mwa mtu aliyesimama Nanyuki, lakini mwanga wake ni hafifu mno kwa macho matupu na huhitaji darubini kubwa.