Moto Usiochorwa: Kuchomwa kwa Mombasa (1505) katika Michoro na Matini

Makala haya yanachunguza namna silaha za moto zinavyosawiriwa katika picha za kale zilizochongwa kwenye mbao na mabamba ya shaba. Hoja yetu ni kwamba picha hizo zinaonyesha zaidi ya mahali moto ulipowaka: zinaonyesha pia mchongaji aliguswa na uchungu wa nani.

Wanaoandika juu ya silaha hizi aghalabu huanza na moto wa Kiyunani, ule mchanganyiko uliorushwa na merikebu za Bizanti tangu karne ya 7. Katika pwani yetu silaha ilikuwa sahili zaidi. Mnamo Agosti 1505, msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida, uliokwisha kuiteka Kilwa mwezi Julai, uliishambulia Mombasa. Kwa mujibu wa maelezo ya Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo msafarani, wavamizi walipokewa kwa mishale na mawe. Hata hivyo, mji ulikuwa na zaidi ya nyumba 600 zilizoezekwa makuti, na baina ya majumba ya mawe mlikuwa na vibanda vya miti. Moto ulipowashwa, ulivuma usiku kucha na majumba yakaporomoka. Silaha, basi, haikuwa dawa ya siri. Ilikuwa paa la mwenye nyumba.

Je, wachongaji waliliona hilo? Michoro ya mbao ya Hans Burgkmair ya 1508, iliyotokana na msafara huohuo, inaonyesha watu na mavazi yao, wala si miji inayoungua. Mwaka 1572, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Cologne kitabu cha picha za miji ya dunia. Mombasa imo, pamoja na Kilwa na Sofala, nayo imetulia kando ya bahari, ilhali kufikia wakati huo Wareno walikuwa wameichoma mara mbili, mara ya pili ikiwa chini ya Nuno da Cunha mwaka 1529. Hogenberg huyohuyo alijua kuchora moto: askari wa Hispania walipoivamia Antwerp mwaka 1576, alichonga jengo la baraza la mji likiwaka. Antwerp ilikuwa katika nchi aliyozaliwa. Mombasa ilikuwa bandari ya mbali.

Kilichokosekana katika picha kimo katika matini. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi kumweleza maangamizi aliyoyakuta aliporejea mjini. Barua hiyo, hata hivyo, imetufikia kupitia maandishi ya Wareno. Mhakiki hana budi kuisoma akijua kwamba kilio cha aliyechomewa kimehifadhiwa kwa kalamu ya upande wa mchomaji.

Suala hili si la kale tu. Kwetu Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha, Januari 2008 haijasahaulika. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja mjini Naivasha. Silaha ilikuwa ileile: makao ya mtu. Picha za habari huonyesha kuta zilizoungua, lakini hazisimulii waliokuwamo. Ni wajibu wa idara zetu za fasihi kukusanya simulizi za walionusurika na za majirani, kwa lugha zao wenyewe, zisije zikawafikia wajukuu kwa kalamu ya wengine.